Balbu Niliyoisahau

Lori la baba, Fargo la mwaka hamsini,
lilisimama ghalani miaka kumi na moja
likinusa ngano ambayo halikuibeba tena.
Januari ya Saskatchewan haina mzaha:
mate huganda kabla hayajafika chini,
na betri ya volti sita, siku kama hizo,
hukohoa mara mbili, huomba radhi, hunyamaza.

Baba, Metro Hnatiuk, alikuwa na dawa yake.
Kila usiku aliifungua betri akailaza jikoni
juu ya gazeti, karibu na jiko,
kama mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya siku zake.
Mama aliipita na sufuria
akiitupia jicho la mke mwenza.
"Sita zinatosha," baba alisema. "Sita zimenifikisha."
Hakusema zimemfikisha wapi.

Nimekuja na kumi na mbili.
Nimekuja na alteneta ya gari lililogonga kulungu,
na Danylo wa kaka yangu, miaka kumi na tisa,
anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Tulianza na ardhi.
Mafundi wa zamani waliifunga chanya kwenye chasisi,
hasi ndiyo ikazunguka na kazi;
sisi leo twafunga kinyume.
Danylo akacheka: "Walikuwa wamelewa?"
Hapana, nikamwambia.
Walisimama ng'ambo ya pili ya mto uleule.

Waya tukazikata; ganda lao la kitambaa
likawa vumbi vidoleni.
Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa,
wasemao wamesema,
lakini waya si kamba.
Waya ukizeeka unachoma nyumba.

Stata tuliiacha. Ni chuma chenye roho ngumu,
itapigwa mara mbili ya ilivyozoea
na itazunguka kwa kasi zaidi, basi.
Geji ya mafuta tukaipa rezista,
kijipande cha kauri cha kuipunguzia habari,
kama tulivyompunguzia baba habari za daktari.
Balbu za mbele, mpya. Za nyuma, mpya. Koili, mpya.
Honi sikuigusa; nilitaka kusikia itakavyoshtuka.

Saa kumi na moja jioni, giza limeshatua,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Danylo akakanyaga stata.
Halikukohoa.
Liliunguruma kama mtu aliyekatizwa sentensi juzi tu,
na taa zikaufungua ua wote hadi mtaroni:
uzio, jembe la trekta lililozikwa nusu,
nyayo zetu za asubuhi.
Nuru nyeupe, ngeni.
Ile ya zamani ilikuwa na rangi ya chai nyepesi.
Tuliijua tangu mbali, ikija taratibu kwenye changarawe,
na mama alikuwa ameshaanza kupasha supu.

Kisha nikapanda, nikabonyeza swichi ya taa ya ndani.
Hiyo nilikuwa nimeisahau.
Ya sita, ndani ya kumi na mbili.
Iliwaka kama haijawahi kuwaka maishani mwake,
na katika kufumba na kufumbua kule
nikaona dari lote limeandikwa kwa penseli:
mwandiko wa baba, tarehe, magunia, deni la mbegu,
na pembeni, peke yake, bila tarehe:
Orysia ameendesha leo. Halikumzimikia.

Pa! Giza,
na harufu ndogo ya kitu kilichoungua.

"Shangazi, tochi ninayo," Danylo akasema.
Nikamwambia ngoja.
Nilikaa kwenye kiti kile cha springi zilizochoka,
injini ikinitetemesha magoti,
nikabonyeza honi.
Ikalia kwa sauti kali kuliko umri wake,
mbwa wa jirani akaijibu kutoka upande wa pili wa theluji.
Nikabonyeza tena.